Yale maji ya chupa na goti la shangazi

Mwezi uliopita shangazi yangu alinitumia tangazo kwenye simu, picha ya mama mmoja anacheka kashika goti, na maandishi makubwa eti seli shina za maji ya uzazi, yale anayoogelea mtoto tumboni kwa mama yake, zinarudisha goti likawa kama la binti, sindano moja tu. Akaniuliza, mwanangu wewe si ndo unasomasoma haya mambo, hii kitu ni kweli? Nikamwambia shangazi nipe siku mbili nikujibu vizuri. Siku mbili zikawa wiki tatu, maana kila nikiandika naona ama ni refu mno ama namkatisha tamaa, na sitaki kumkatisha tamaa mtu ambaye kuinuka tu kwenye kiti ni shughuli. Basi naandika hapa, yeye atasoma na wengine wenye swali kama lake watasoma.

Kwa nini aniulize mimi. Mimba yangu ya pili, wiki ya 17, vipimo vya damu vilileta wasiwasi wa kromosomu za mtoto, yaani vile vifurushi vya urithi ndani ya seli, nikapelekwa kuchomwa ile sindano ya tumboni ya kuvuta maji. Waliochomwa wanajua. Unalala chali, daktari anaangalia ultrasaundi kuona mtoto kakaa wapi, sindano ndefu nyembamba inaingia, wanavuta maji kama mililita 20 hivi, yaani vijiko vinne vya chai, basi. Mimi nilidhani yatakuwa meupe, kumbe yana unjano kwa mbali. Nikamuuliza sista, sasa mtajuaje habari za mtoto wakati mmechukua maji tu, yeye hamjamgusa? Akanijibu, mama, mtoto yumo humo kwenye maji. Majibu yalitoka salama na mtoto sasa hivi anakimbia nyumba nzima lakini lile neno la sista halijanitoka mpaka leo, na ndo lilinifanya nianze kusoma.

Na sista alikuwa sahihi kabisa. Mimba ikishafika katikati, sehemu kubwa ya maji yale ni mkojo wa mtoto mwenyewe, anayameza, anayakojoa, anayavuta kwenye mapafu na kuyatoa, siku nzima ndo kazi yake. Kila yanapopita yanabeba seli, za ngozi zilizobanduka, za njia ya mkojo, za mapafu, za utumbo. Nyingi zimeshachoka zinakufa. Ila katikati ya hizo zilizochoka zimo chache ambazo hazijaamua bado zitakuwa nini, na hizo ndo seli shina.

Hizo chache ndo habari yenyewe. Mwaka 2007 Paolo De Coppi, Anthony Atala na wenzao walitoa utafiti kwenye jarida la Nature Biotechnology, Atala wa chuo kikuu cha Wake Forest kule North Carolina, Marekani, walichukua seli zilizobaki kwenye sampuli za wajawazito waliopimwa kama mimi wakazichuja kwa kutafuta zenye protini iitwayo c-kit kwenye ganda la nje la seli, wakakuta ni kama asilimia 1 tu ya seli zote. Lakini hiyo asilimia 1! Zilikuwa zinaongezeka mara mbili kila saa 36 na zilijirudia hivyo zaidi ya mara 250 kromosomu zake zikiwa nzima, na wakizilea kwa namna tofauti zinageuka seli za mfupa, za misuli, za mafuta, za mishipa ya damu, za ini, za neva. Na walipozichoma kwa panya hazikuota uvimbe.

Hilo la uvimbe msilipite haraka. Seli shina za kiinitete, zile mtafiti James Thomson alizozitenga Wisconsin, Marekani, mwaka 1998, zina uwezo wa kuwa karibu kila kitu lakini ukiziweka mwilini zilivyo zinaweza kuota uvimbe, halafu kuzipata kwenyewe kiinitete kinaharibiwa, na hapo watu wengi dhamiri zinawasuta. Za maji ya uzazi hazina uwezo mpana kiasi hicho lakini zimetulia, na zinatoka kwenye maji ambayo yangemwagwa. Nimezaa mara mbili, mara zote mbili chupa ilipopasuka mtu alikuja na tambara akafuta sakafu. Sikuwaza chochote.

Sasa nifike pale nilipokuwa naelewa vibaya kwa muda mrefu, na nadhani shangazi na waliotengeneza lile tangazo wanaelewa hivyo hivyo. Nilikuwa nachukulia seli shina kama mbegu, unapanda penye goti linaota goti, unapanda penye moyo unaota moyo. Kumbe kwa sehemu kubwa sivyo. Kuna kazi ya mwaka 2014 kwenye jarida la Gut, De Coppi yumo tena, walichukua panya wachanga wenye ule ugonjwa wa utumbo kuoza unaowapata watoto njiti, ugonjwa mbaya sana, wakawachoma hizi seli tumboni. Panya waliopewa walipona wengi zaidi, uvimbe wa utumbo ukapungua, seli za utumbo zikaanza kuzaliana tena. Ila walipozitafuta zile walizochoma walikuta chache tu zimekaa kwenye ukuta wa utumbo, hazitoshi hata kidogo kuwa ndo zimejenga utumbo mpya. Zilichofanya ni kuziamsha seli za panya mwenyewe zijitengeneze. Zinaongea na jirani zake, basi, zinatoa kemikali na vifuko vidogo mno vyenye ujumbe wa RNA ndani, yaani maagizo ya kuelekeza seli nyingine, na watafiti wengine wakachukua vifuko vyenyewe bila seli wakavijaribu kwenye mapafu ya vijusi vya panya ambayo hayakukua vizuri, mapafu yakaanza kuchipua matawi. Mimi nilisoma hapo nikafunga kompyuta nikakaa kimya kidogo. Yaani mganga ni mwili wenyewe, seli imekuja kama mkunga.

Halafu mwaka 2024 timu ya London, De Coppi huyo huyo na Mattia Gerli, wakatoa kwenye Nature Medicine kitu kingine. Walichukua maji ya mimba 12, kuanzia wiki ya 16 mpaka ya 34, wakazitumia zile seli ambazo tayari zinajua ni za mapafu, au figo, au utumbo, wakazikuza zikawa viungo vidogo vidogo vya maabara, mfano wa mapafu ya mtoto huyo huyo ambaye bado yuko tumboni kwa mama yake. Wakafanya pia kwa watoto wenye tundu kwenye kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, wale ambao matumbo yanapanda kifuani yanabana mapafu, wakalinganisha vile viungo vidogo vya kabla na vya baada ya matibabu wanayopewa wakiwa bado tumboni kwa mama, wakaona tofauti. Kwa mzazi aliyewahi kulala usiku anasubiri majibu ya kipimo, kumpima mtoto mapafu kabla hajavuta pumzi ya kwanza ni jambo kubwa mno.

Haya, shangazi, goti.

Yote niliyoyasema hapo juu ni maabara na panya, na hayo ya mwisho ni kuchunguza, sio kutibu. Hakuna dawa ya maji ya uzazi iliyoidhinishwa na FDA, ile mamlaka ya dawa ya Marekani, kutibu goti, na FDA wenyewe wameonya watu mara kadhaa juu ya kliniki zinazouza. Chupa nyingi za biashara zilipopimwa hazikukutwa na seli hai, na sishangai, maji yamechujwa, yamegandishwa, seli gani itabaki. Na sio kwamba mbaya zaidi ni kupoteza hela. Mwaka 2018 huko Marekani watu 12 walipata maambukizi ya bakteria baada ya kuchomwa bidhaa ya damu ya kitovu iliyouzwa kama seli shina. Kabla yake, Florida, wanawake watatu walichomwa machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta yao wenyewe wakapoteza uwezo wa kuona. Hao walikuwa na matumaini kama yako tu, ndo maana naumia.

Nilipiga ile namba ya kwenye tangazo. Nikauliza, hii ni tiba iliyoidhinishwa au ni majaribio? Akasema ni majaribio. Nikauliza yamesajiliwa wapi, na kwa nini mgonjwa alipe, maana kwa kawaida anayekubali kujaribiwa dawa hatozwi dawa hiyo. Akaanza kunieleza habari za punguzo la wiki hii. Nikamshukuru nikakata.

Kwa hiyo jibu langu ni usichome. Lakini sikuachi hivi hivi na maumivu. Nimeongea na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anasema misuli ya mbele ya paja ikipata nguvu goti linapunguziwa mzigo, anataka akuone unavyotembea kwanza. Ni Alhamisi asubuhi, nakuja kukuchukua mwenyewe, vaa viatu vya kamba.