Wikiendi ya Addis Ababa: nilivyopanga safari kwa kufuata siku za kufunga

Sisi wa Afrika Mashariki wengi tunaijua Addis Ababa kwa kupita tu. Ukienda Dubai, ukienda Ulaya, ukienda Guangzhou kufuata mzigo, unashushwa uwanja wa ndege wa Bole, unajikunja kwenye kiti hadi ndege ya pili iitwe, basi. Mimi nimepita hapo zaidi ya mara moja bila kuuona hata mtaa mmoja. Oktoba 2024 nikaamua mji wenyewe ndio uwe mwisho wa safari, Alhamisi jioni hadi Jumapili, na mwenzangu awe mama mdogo, mwalimu mstaafu wa historia, mtu wa Tanga, ambaye tangu niko mdogo hachoki kusimulia vita vya Adwa, pale Waethiopia walipowashinda Waitaliano mwaka 1896.

Nilipompigia simu kumwambia, hakuuliza bei ya tiketi. "Mwanangu, goti langu unalijua," akasema. "Na nyama nisiyojua kachinja nani, mimi sili."

Kwa hiyo mipango ilianzia kwenye goti na nyama. Vivutio vikafuata.

Nianze na nyama, maana ndiyo iliyopanga kila kitu. Wakristo wa Kiorthodoksi wa Ethiopia hufunga kila Jumatano na Ijumaa. Kufunga kwao ni kuacha nyama, maziwa, siagi na mayai, yaani chochote kinachotokana na mnyama. Kuna na mifungo mirefu: Kwaresima ya siku 55, na mwingine kabla ya Krismasi yao ya tarehe 7 Januari. Siku 50 baada ya Pasaka, Jumatano na Ijumaa huachiwa. Matokeo yake, karibu kila mgahawa mjini unajua kupika chakula kitamu kisicho na mnyama kabisa, na siku ya Ijumaa ndicho chakula cha kawaida cha watu. Kwa Mwislamu mgeni hiyo ni nafuu kubwa: Ijumaa unaingia karibu popote, unakula bila wasiwasi.

Siku nyingine nako kuna utaratibu. Waislamu wa Ethiopia wana bucha zao na Wakristo wana zao, na kwa desturi huyu hali alichochinja yule. Ukiuliza nani kachinja, hakuna anayekunja uso. Ni swali wanaloulizana wenyewe kila siku.

Nikachukua karatasi. Ijumaa tutakuwa upande wa makumbusho na makanisa, ambako migahawa ni ya kila aina. Jumamosi tutakwenda Merkato, soko kubwa la mji, ambako Waislamu ni wengi na nyama ya halali haitafutwi kwa tochi. Alhamisi usiku tutakula Bole, karibu na tulipofikia, maana pale Wasomali na Wayemeni wana migahawa yao. Hiyo ndiyo ratiba nzima. Mambo mengine niliyajaza katikati.

Mwezi nao niliuchagua kwa makusudi. Mvua kubwa za kule ni Juni hadi Septemba, na Julai na Agosti si za kutembea mtaani. Oktoba anga limetakata. Lakini baridi ipo: mji uko karibu mita 2,350 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyezoea joto la pwani akitoka nje asubuhi na mtandio mwepesi atajuta. Sweta, soksi, na kutembea polepole siku ya kwanza, kwa sababu ukipanda ngazi kidogo tu pumzi inakata. Mama mdogo alidhani ni uzee. Nikamwonyesha kijana mmoja mtalii aliyekuwa ameshika ukuta anahema, akatulia.

Visa niliomba kwa mtandao kabla ya kuondoka, na kadi ya homa ya manjano tulibeba. (Wakenya hawahitaji visa, Watanzania tunahitaji.) Kuhusu pesa, bei nyingi unazozikuta zimeandikwa huku na huko ni za zamani. Julai 2024 serikali iliiachia birr ijipangie bei yenyewe sokoni; kabla ya hapo dola moja ilikuwa kama birr 57, baada ya wiki chache ikapita 100. Tulibeba dola taslimu, noti mpya zisizo na mikunjo, tukabadilisha benki. Ndugu kadhaa walitutisha kuhusu usalama, na si bure: mkoa wa Amhara umekuwa na mapigano tangu 2023. Ndiyo sababu nilipanga mji mkuu peke yake, sikuongeza Lalibela wala Gondar, zilizo mkoani humo.

Jambo moja linaloumiza vichwa vya wageni kutoka mbali, kwetu ni raha tupu: saa. Waethiopia wanahesabu saa kama Waswahili, kuanzia jua linapochomoza, na wako ukanda mmoja na sisi, kwa hiyo hata saa ya mkononi huigusi. Dereva alituambia kwa Kiingereza kwamba kesho atakuja saa mbili. Mzungu aliyesimama nasi mapokezi akashangaa kwa nini tunapoteza nusu ya siku. Mama mdogo akamjibu kwa Kiswahili, "Baba, saa mbili ni saa mbili." Tahadhari ni kwenye tiketi ya ndege, ambayo inafuata saa za kizungu. Tarehe pia si yetu: risiti yetu moja iliandikwa mwaka 2017, kwa sababu kalenda yao yenye miezi 13 iko nyuma yetu kwa miaka saba au minane, na mwaka wao mpya huanza Septemba.

Ijumaa sasa, na goti. Addis ni mji wa miteremko. Kaskazini ni juu, kusini ni chini. Nilipoitazama ramani nikaona kwamba ukianzia Sidist Kilo halafu ushuke kuelekea Arat Kilo, mwendo wote unakuwa wa kuteremka. Tukaanzia chuo kikuu, kwenye makumbusho ya makabila na tamaduni, ambayo yamo ndani ya lililokuwa jumba la Haile Selassie. Chumba chake cha kulala kipo, na bafu lake lipo. Lakini kilichomshika mama mdogo kiko nje: ngazi ya kujizungusha isiyokwenda popote, iliyojengwa na Waitaliano walipoikalia nchi, kila kidato kikiwa mwaka mmoja wa utawala wa Mussolini. Walipofukuzwa 1941 Waethiopia hawakuibomoa. Waliweka sanamu ya Simba wa Yuda, nembo ya wafalme wao, juu yake. Mwalimu wangu alicheka hadi akatafuta pa kukaa.

Kutoka hapo ni mteremko mfupi hadi Makumbusho ya Taifa, anakokaa Lucy, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, ambaye wenyewe wanamwita Dinkinesh. Mifupa yake iligunduliwa Hadar, eneo la Afar, Novemba 1974, na ina umri wa miaka kama milioni 3.2. Uliyowekewa kwenye kioo ni nakala. Mifupa halisi imehifadhiwa ndani. Nasema mapema ili usije ukajisikia umepunjwa. Mimi nilichoona cha ajabu ni ufupi wake: kimo cha mtoto anayeanza shule. Mama mdogo alisimama pale muda mrefu akimtaja Olduvai, kama mtu aliyekuja kwenye mechi na timu yake.

Chakula cha mchana kilikuwa beyaynetu, sinia la kufunga. Injera moja kubwa, mkate wao mwembamba uliochachushwa, imetandazwa, juu yake mafungu: dengu nyekundu zenye berbere (pilipili iliyosagwa na viungo), dengu za manjano zisizo na pilipili, sukuma zilizokaangwa, kabichi na karoti, viazi sukari vyekundu, na shiro, mchuzi mzito wa unga wa jamii ya kunde, katikati. Hakuna kijiko. Unamega injera kwa mkono wa kulia, unachota nayo. Uchachu wake unagawa watu. Mama mdogo alimega kipande, akatafuna, akatoa hukumu: "Hili ni chila lililosahauliwa usiku kucha." Lakini alimaliza upande wake, akaingia na wangu. Siri, kwa maoni yangu, ni kutoila injera peke yake hata kidogo. Uchachu ule umewekwa hapo kwa ajili ya shiro na berbere, na ukiviunganisha ndipo unaelewa. Kama ni mara ya kwanza, anza na shiro ya tegabino, inayoletwa kwenye chungu ikiwa bado inatokota.

Adhuhuri tuliisogeza tukaikusanya na alasiri, ndiyo ruhusa ya msafiri, kisha gari likatupeleka Piassa, mtaa wa zamani wa katikati ya mji. Kanisa la Mtakatifu George lina pembe nane, lilijengwa kwa kumbukumbu ya ushindi wa Adwa, na ndipo Haile Selassie alipotawazwa Novemba 1930. Karibu yake kuna sanamu ya Menelik, mfalme aliyeshinda Adwa, akiwa juu ya farasi wake, na hapo hapo Piassa kuna makumbusho mapya ya Adwa yaliyofunguliwa Februari 2024. Sitaki kusema mengi juu ya saa zilizofuata. Mtu aliyefundisha tarehe 1 Machi 1896 kwa maisha yake yote ya kazi alikuwa ameingia nyumbani kwake. Mimi nilibeba mkoba. Kama una mzee wa aina hii, makumbusho haya yape jioni nzima, usiyabane na kitu kingine. Tulipotoka tulikwenda Tomoca, duka la kahawa lililopo tangu 1953, ambako watu wanakunywa wamesimama kwenye meza ndefu. Kwa goti nikaomba kiti.

Mtaani Piassa kuna vijana wanaokusalimia kama mnafahamiana, wanadai wamekuona hotelini, halafu wanataka kukupeleka "kwenye sherehe". Jibu fupi, endelea na safari yako. Kwa usafiri, minibasi za bluu na nyeupe ni rahisi lakini konda anataja vituo kwa kasi na kwa Kiamhari. Sisi tulitumia teksi za programu ya Ride, bei unaiona kwenye simu.

Jumamosi, Merkato. Wanaofahamu Kariakoo watadhani wako tayari. Wasijidanganye, soko hili halina mwisho. Nililigawa: viungo na kahawa tu, asubuhi, kisha tutoke. Tulinunua berbere, mitmita, ambayo ni pilipili kali ya unga, na korerima, iliki yao kubwa. Msikiti mkuu wa Anwar uko hapo hapo, na kanisa la Raguel ni jirani yake. Tukaswali, kisha tukala tibs, nyama iliyokatwa vipande ikakaangwa na vitunguu na rozimari, kwenye mgahawa wa Waislamu wenyewe. Ndiyo nyama bora niliyokula safari ile. Kitfo, ile nyama ya kusaga inayoliwa mbichi au ikiwa imepashwa moto kidogo, sikuionja, kwa hiyo sina la kuisifu wala kuiponda.

Kahawa usiinywe kwa haraka. Tulikaa mahali ambapo nyasi mbichi zimetandazwa sakafuni, ubani unafuka, mama mwenye shamma nyeupe, lile vazi lao la pamba, anakaanga buni mbele yenu, anakupitishia kikaangio uvute harufu, anatwanga, anachemsha kwenye jebena, birika la udongo. Unaletewa bisi za kutafuna. Mikupuo ni mitatu, abol, tona na baraka, kila mmoja mwepesi kuliko uliotangulia, na kuondoka baada ya wa kwanza ni utovu wa adabu. Tenga saa nzima. Walitutilia kijani cha tena adam, mmea wenye harufu kali, kwenye kikombe. Mama mdogo, aliyekulia kwenye kahawa chungu na kashata, alikubali kahawa, akakataa kijani.

Usiku tulikwenda kwenye ukumbi wa ngoma kuangalia eskista, ile ngoma ya mabega. Kwa kuwa haikuwa siku ya kufunga na jiko lilikuwa la Wakristo, tuliagiza shiro tena. Mwislamu awe macho na kinywaji kimoja: tej. Kina rangi ya asali, kinaletwa kwenye chupa nzuri yenye shingo ndefu, ukidhani ni juisi, kumbe ni pombe. Kisicho na kilevi kinaitwa birz. Kwa juisi agiza spris: parachichi, embe na papai vimepangwa tabaka juu ya tabaka, nzito, na inakula nafasi ya chakula cha jioni.

Jumapili ilikuwa ya Entoto, mlima ulio juu ya mji, zaidi ya mita 3,000, umejaa mikaratusi. Menelik alikaa huku kabla yeye na mkewe Taytu hawajashuka kuanzisha mji huu mwaka 1886. Tulipanda kwa gari hadi juu kabisa, tukatembea kidogo tu. Wakati wa kurudi nilimwomba dereva apite makao makuu ya Umoja wa Afrika, kwa sababu tangu Februari 2024 kuna sanamu ya Mwalimu Nyerere ndani ya uzio, kwenye jengo la amani na usalama lenye jina lake. Hatukuwa na mwaliko, hivyo tuliishia nje. Anayetaka kuingia aanze kuulizia akiwa bado nyumbani.

Bole tulifika mapema. Berbere funga mifuko miwili, moja ndani ya nyingine, la sivyo nguo zote zitanukia. Mama mdogo alipokuwa akihesabu chenji iliyobaki akaniuliza Pasaka yao mwaka kesho ni lini. Nikamuuliza ya nini. "Umesema siku 50 baada yake hawafungi," akasema. "Mimi ninataka kuja wakati wanafunga."