Kiini cha Nebula ya Orioni: jinsi nilivyokirudishia rangi

Picha zangu za Nebula ya Orioni (M42), yaani wingu la gesi na vumbi angani, nilizopigia ukingoni mwa kreta ya Menengai, zilikuwa na mabawa mekundu mazuri, lakini katikati palikuwa na doa jeupe pe. Rafiki yangu alizilaumu taa za Nakuru. Sivyo: taa za mji huchafua anga lote, hazichomi sehemu moja.

Chanzo kilikuwa kundi la nyota changa liitwalo Trapezi. Nyota hizo na gesi inayozizunguka hung'aa mno, hivyo picha ya kukusanya mwanga kwa sekunde 60 hujaza sensa ya kamera katika nyekundu, kijani na buluu kwa pamoja. Zikijaa zote tatu hubaki weupe tu, na hakuna programu ya kurudisha rangi isiyorekodiwa.

Basi nilipiga mafungu matatu kwa ISO 800 (kiwango cha wepesi wa kamera kwa mwanga) bila kugusa fokasi: ya sekunde 2, 10 na 60. Picha za kila fungu nilizijumlisha kuwa moja kwenye programu ya Siril, kisha kwenye programu ya GIMP nikaweka picha ya sekunde nyingi chini na za sekunde chache juu, zikiwa zimezibwa kila mahali isipokuwa kiini. Kazi iko kwenye kingo za kizibo: zisipofifishwa sana, hubaki duara kama alama ya kikombe mezani.

Sasa nyota nne kuu za Trapezi zinatengana, na kijani-samawati cha oksijeni kinaonekana. Wekundu wa haidrojeni, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3, ingawa unaonekana mabawani, bado ni hafifu kuliko ulivyo kwa sababu kichujio kilichowekwa kiwandani mbele ya sensa hukata sehemu kubwa yake. Fundi anaweza kukitoa, ila kamera hii ndiyo ya kupigia harusi, na bila kichujio hicho rangi za kawaida zingebadilika.