Kumbukumbu ya mradi: ubavu wa boti ya faiba, hatua ya kubonyea

Kinachopigiwa hesabu kwa kompyuta ni kipande kilichopinda cha ubavu wa boti ya faiba ya mita 7, aina ile inayopeleka wageni kutazama pomboo Kizimkazi. Baina ya mihimili miwili ya urefu kuna milimita 500. Nusu kipenyo cha mpindo ni mita 1.2, kwa hiyo mbinuko katikati ni milimita 26 tu. Matabaka ni matano: mkeka (nyuzi fupi za glasi zilizotawanywa) wa gramu 450 kwa mita ya mraba, faiba ya kufumwa ya gramu 600, mkeka, ya kufumwa, mkeka. Mkeka wenye glasi asilimia 30 kwa uzito hutoa karibu milimita 1.05, na ya kufumwa yenye asilimia 50 hutoa 0.74. Jumla milimita 4.6. Moduli (kipimo cha ugumu) zilizoingizwa ni GPa 7.5 kwa mkeka na 14 kwa ya kufumwa.

Programu ni CalculiX, inayogawa kipande katika vijisehemu viitwavyo elementi. Kwa ganda la matabaka inakubali elementi za S8R (pande nne) na S6 (pembetatu) pekee. Hapa ni S8R, 24 kufuata mviringo.

Mzigo ni maji ya bahari ya kina cha mita 1, yaani kPa 10. Kabla ya kuamini rangi za kwenye skrini, piga hesabu ya mkono: shinikizo mara nusu kipenyo ni N 12 kwa kila milimita, gawa kwa unene, unapata mkazo wa MPa 2.6. Mkazo wa katikati ya unene ukiwa mbali na hapo, kagua kingo. Kingo zikiachiwa kuteleza, kipande kinabeba kama ubao bapa na hesabu ya mkono inaruka hadi MPa 89, jirani kabisa na mkeka kupasuka.

MPa 2.6 inalaza watu usingizi. Ganda jembamba la namna hii halingoji kupasuka, linabonyea, yaani linapoteza umbo ghafla. Kwa ukanda ulioshikwa kwenye mihimili tu, bila mataruma (mbavu za ndani zinazokata mihimili), hesabu ya mkono inatoa shinikizo la kubonyea la kama kPa 9, chini ya mzigo wenyewe! Hatua ya *BUCKLE, amri ya CalculiX ya kutafuta mzigo wa kubonyea, kwa kPa 10 inatakiwa itoe kizidishi cha mzigo cha karibu 0.9. Kikija na alama ya kutoa, uelekeo wa elementi umegeuka na maji yanavuta ubavu nje badala ya kuusukuma.

Mtego mbaya zaidi ni kukata modeli nusu kwa ulinganifu ili kuokoa muda. Umbo la kwanza la kubonyea ni la herufi S: upande mmoja unazama, wa pili unavimba. Nusu modeli hailioni kabisa, inakupa umbo la pili lenye mzigo mkubwa zaidi, na unaondoka umeridhika.

Inayofuata ni kuweka mataruma kila milimita 400, kisha NLGEOM (hesabu inayofuata umbo linavyobadilika chini ya mzigo) yenye kasoro ya umbo hilo la S, kimo milimita 2.3, nusu ya unene.

Jaribio la karakanani, kipande cha 500 kwa 400, linahitaji kilo 204 ili kufikia kPa 10. Mifuko minne ya saruji ya kilo 50 inakaribia uzito huo lakini haifai, maana hukaa juu ya mgongo na kuacha pembeni wazi. Tumia vifuko vya mchanga vya kilo 2, uvipange kulia na kushoto kwa zamu. Saa za kupimia msogeo ziwekwe kwenye robo ya upana, pande zote mbili. Katikati, umbo la S halisogezi sindano.