Moyo Hautulii kwa Kuamrishwa

Mtu aliyefiwa, aliyeachishwa kazi au anayeuguza huambiwa maneno mawili kila anapogeuka: "tulia" na "omba". Yote mawili ni ya kheri, na anayeyasema huwa anataka kusaidia. Tatizo ni kwamba hakuna anayeeleza namna. Anayejikaza ili atulie huishia kukaza taya na mabega. Anayepiga magoti huku kifua kinamdunda huanza kuyahesabu matatizo yake yote upya, mara ya saba siku hiyohiyo, na huinuka amechoka kuliko alivyoanza. Kisha hujilaumu kwamba imani yake ni haba.

Imani haina kosa hapo. Kilichopinduka ni mpangilio.

Soma habari za Eliya katika 1 Wafalme 19. Nabii amekimbilia jangwani, ameketi chini ya mretemu, anaomba afe. Angalia anachopewa kwanza. Hakemewi kwa kukata tamaa, wala hahubiriwi. Analala. Malaika anamgusa, anakuta mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, anakunywa, analala tena. Anaamshwa mara ya pili, anakula tena. Ndipo anapotembea siku 40 hadi Horebu, na huko ndiko anakoisikia ile sauti ndogo ya utulivu. Usingizi, chakula, usingizi, chakula, mwendo, halafu sauti. Wengi wetu tunaitaka sauti siku ya kwanza, tukiwa bado chini ya mti, hatujalala na hatujala.

Kwa hiyo tuanze na mwili.

Pumzi na pingili za vidole

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Mwenye hofu hupita hapo, na pumzi zake huishia kifuani, hazishuki. Ukizipunguza zikafika kama 6 kwa dakika, mapigo ya moyo huanza kwenda na pumzi: yanapanda kidogo unapovuta, yanashuka unapotoa. Kazi hiyo hufanywa hasa na neva iitwayo vagasi, inayoteremka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni na kuuambia moyo upunguze mwendo. Mwaka 2001 watafiti walioongozwa na Luciano Bernardi wa Italia waliwapima watu wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakirudia mantra, yaani maneno mafupi ya ibada yanayosemwa tena na tena. Kote kuwili pumzi zilishuka zenyewe hadi karibu 6 kwa dakika. Sala ya kurudiarudia, ikisemwa taratibu, imebeba mwendo wa pumzi ndani yake.

Hivi ndivyo inavyofanywa. Keti kwenye kiti, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, mgongo uegemee. Mkono mmoja uweke chini ya kitovu. Mkono wa pili ndio wa kuhesabia: kila kidole, ukiacha gumba, kina pingili tatu, na vidole vinne ni pingili 12. Gumba linaanza kwenye pingili ya chini ya kidole cha shahada. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu taratibu hadi 4, mkono wa tumboni usukumwe nje. Itoe ukihesabu hadi 6, mkono urudi. Hiyo ni pumzi moja, sekunde 10 hivi. Gumba lisogee pingili inayofuata. Ukimaliza pingili zote 12 umetumia dakika 2, bila kutazama saa. Wiki ya kwanza fanya mizunguko miwili tu, asubuhi na jioni. Baadaye ongeza hadi mitano, yaani dakika 10.

Juu ya pumzi weka maneno machache. Mkristo anaweza kuvuta na "Bwana Yesu" na kutoa na "nihurumie". Muislamu anaweza kutoa pumzi na "Ya Latifu". Asiye na dini aseme "nipo hapa", itamtosha. Na kwa Muislamu anayeleta tasbihi baada ya swala, Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 33: wengi huzimaliza kabla ya dakika mbili, ulimi unakimbia na moyo umebaki nyuma. Jaribu siku moja kusema neno moja kwa kila pumzi inayotoka, kwa mwendo huohuo wa sekunde 10. Maneno 99 yatakuchukua dakika 16 na nusu. Utaona tofauti kabla hujafika kwenye 33 za pili.

Akili itatoroka, hilo usiwe na shaka nalo. Utashtuka umefika kwenye deni, au kwenye maneno uliyoambiwa juzi. Usirudi mwanzo kama mtoto aliyekosea hesabu. Gumba bado liko pale lilipokuwa, labda pingili ya kati ya kidole cha pete. Endelea hapohapo. Ndiyo sababu tunatumia vidole: mwili unashika mahali wakati akili imekwenda.

Kosa linalowavunja moyo wengi ni kuvuta pumzi kubwa badala ya pumzi ya polepole. Baada ya dakika moja kichwa kinazunguka, midomo na ncha za vidole vinafanya ganzi, na mtu anadhani moyo unasimama. Ametoa kaboni dayoksaidi nyingi mno kwa mara moja, basi. Punguza ukubwa wa pumzi, ziwe ndogo na laini kiasi kwamba aliye jirani yako hazisikii. Mwenye pumu au mjamzito ahesabu 3 na 4, bila kubana pumzi hata kidogo. Na wako watu, hasa waliopitia ukatili, ambao wakifumba macho na kufuatilia pumzi hofu inazidi. Hao waache macho wazi, watazame kitu kimoja kisichosogea, na uangalifu wao wauweke kwenye nyayo: uzito wake, ubaridi wa sakafu, mshono wa soksi. Faida ni ileile.

Saa tisa ya usiku

Kila anayepita kipindi kigumu anaijua saa hii. Unaamka ghafla, nyumba kimya, na jambo ambalo mchana lilikuwa zito sasa limekuwa mlima. Kuna sababu ya mwilini: sehemu ya mwisho ya usiku usingizi huwa mwepesi, na homoni ya kotisoli huanza kupanda kuuandaa mwili kuamka. Hakuna mtu wa kuongea naye, hakuna kazi ya kushika mkononi. Basi wazo likikupata hapo linakuwa na nafasi yote.

Usitazame saa. Ukikisia zimepita kama dakika 20 na usingizi haurudi, toka kitandani. Kubaki ukigeukageuka kunakifundisha kitanda kuwa mahali pa wasiwasi, na baada ya wiki mbili utaanza kuogopa hata kutandika shuka. Nenda ukae chumba kingine au kwenye kiti, taa iwe hafifu, simu ibaki ilipo. Fanya mizunguko miwili ya pingili. Kama kuna jambo linalokung'ang'ania, liandike kwa mstari mmoja kwenye karatasi, na mbele yake andika saa utakayolishughulikia kesho. Rudi kitandani macho yakianza kulemea, si kabla.

Hiyo saa ya kesho iwepo kweli. Itengee nusu saa kila siku, saa ileile, kiti kilekile, mbali na chumba cha kulala na mbali na muda wa kulala. Njia hii ilijaribiwa na mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake mwaka 1983, na mantiki yake ni nyepesi: ukijiambia "usiwaze", unawaza zaidi, lakini ukijiambia "nitawaza saa kumi na moja jioni", akili hukubali kungoja. Saa ikifika, chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika yale ambayo mkono wako unaweza kuyagusa ndani ya siku saba, kila moja na hatua yake ndogo kabisa: kumpigia anayekudai na kuomba muda, kutafuta cheti kilipo, kuuliza tarehe ya kliniki. Kulia andika yasiyo mikononi mwako. Ya kulia ndiyo ya kupeleka kwenye sala. Ya kushoto usiyapeleke huko peke yake. Sala inayotumika kukwepa simu ya dakika tano hailetei mtu amani, maana moyo unajua kuna jambo limeachwa.

Na usiku usiamue lolote. Usijiuzulu, usimwandikie mtu ujumbe wa kuvunja udugu, usiweke nadhiri. Ignatius wa Loyola, padri Mkatoliki aliyeishi karne ya 16, aliwapa wanafunzi wake kanuni hii: wakati wa ukavu wa roho usibadilishe uamuzi uliofanya ukiwa umetulia. Mimi naongeza kipimo: jambo likikuonekea sawa asubuhi tatu mfululizo, baada ya kula, basi lipe nafasi.

Kulalamika kwa adabu si kufuru

Hapa ndipo watu wa dini tunapojiumiza. Tumefundishana kwamba anayemwamini Mungu hatakiwi kulalamika, hivyo tunaingia kwenye sala na maneno mazuri mdomoni na jiwe kifuani. Maandiko yenyewe hayako hivyo. Zaburi ya 13 ina aya sita tu, na inauliza "hata lini" mara nne. Zaburi ya 88 inamalizika gizani, bila neno la faraja mwishoni, na hakuna aliyeiondoa. Katika Qur'ani, Sura Yusuf, Nabii Yaqub ndiye anayetaja subira njema, na huyohuyo macho yake yanakuwa meupe kwa huzuni. Anasema malalamiko yake anayapeleka kwa Mwenyezi Mungu. Subira na machozi vimekaa ndani ya mtu mmoja, katika sura moja. Kwa hiyo anayekuambia ukilia huna subira, amekosea.

Malalamiko ya zaburi yana umbo, na umbo hilo unaweza kulitumia. Mwite unayemwomba kwa jina. Sema kinachouma, kwa maneno ya kawaida, bila kukipamba: "sijalala siku nne", "nimemkasirikia mama yangu na yuko kaburini". Omba kitu kimoja mahususi. Kumbuka mara moja ulipovushwa zamani. Malizia na utakachofanya kesho. Sentensi tano zinatosha. Kama hatua ya nne haiji, iache wazi, usiizue.

Ukitaka kuandika kwa urefu, andika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, kwa kalamu, kisha uchane au ufiche. Kipimo hicho alikitumia mwanasaikolojia James Pennebaker katika utafiti wake wa mwaka 1986. Walioandika tukio lililowaumiza pamoja na hisia zake walijisikia vibaya zaidi mara tu baada ya kuandika, lakini miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache zaidi. Kwa hiyo usishtuke ukiinuka pale mezani moyo ukiwa mzito. Panga uwe na kazi ya mikono baada yake, kufua au kufagia. Usifanye hivi katika siku za mwanzo za msiba, kidonda bado kibichi. Na siku 4 zikiisha, simama. Anayeandika jambo lilelile mwezi mzima hujikuta analizunguka tu.

Mengine nayapitia haraka. Nusu saa ya kwanza baada ya kuamka isiwe ya simu. Kahawa iishe kabla ya saa nane mchana, kwa sababu saa tano baadaye karibu nusu ya kafeini yake bado iko mwilini. Tembea dakika 20 mchana, jua likiwa juu. Ukiwa hujalala siku kadhaa usijiongezee mfungo wa hiari. Mwili uliochoka ukiunyima chakula unachopata ni hasira na kizunguzungu. Na ukipanga sala, panga ndogo. Ahadi ya saa nzima kila alfajiri hufa siku ya nne, na inapokufa inaacha hatia. Dakika 4 zisizokosekana zina nguvu kuliko hiyo.

Ila kuna hali ambayo si ya kumaliza kwa tasbihi wala rozari peke yake. Huzuni au kutojali kila kitu kukiendelea karibu kila siku kwa wiki mbili, pamoja na kukosa usingizi, hamu ya kula au nguvu za kazi, nenda kwa daktari. Huenda ni sonona. Sonona ni ugonjwa na ina tiba, kama sukari na presha zilivyo na tiba. Sala iendelee pembeni ya dawa. Na ikiwa mawazo ya kutaka kufa yamekuja, usisubiri wiki mbili. Mwambie mtu leo, kwa maneno hayohayo, usibaki peke yako, na mwende hospitali pamoja.

Anayemsaidia mwenye shida naye ana lake la kujua. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Lawama zilianza walipofungua vinywa. Basi ukienda kwa aliyevunjika, peleka maji na chakula, kaa upande wake badala ya kumkabili uso kwa uso, na uliza swali moja tu: umelala? Akinyamaza, nyamaza naye. Weka gumba lako kwenye pingili ya kwanza na uanze kupumua polepole, wewe mwenyewe, bila kumwambia afuate.