Mchezo wangu ulikuwa tofauti kwa kila skrini: nilivyourekebisha

Nilipoanza kutengeneza michezo ya kivinjari, karibu kila mtu alinipa ushauri uleule: pima muda uliopita kati ya fremu mbili (fremu ni picha moja kati ya zinazochorwa mfululizo), zidisha mwendo wa kila kitu kwa muda huo, basi mchezo utakwenda sawa kwenye kila mashine. Si kweli. Ushauri huu bado unazunguka na unawapotezea watu siku nyingi, kwa hiyo nauweka kwenye hesabu.

Mchezo wangu ni wa kurukia majukwaa, unachorwa kwenye canvas, yaani turubai ya kuchorea ndani ya ukurasa, bila injini yoyote. requestAnimationFrame huiita programu yako kila skrini inapojichora upya: mara 60 kwa sekunde kwenye skrini nyingi, mara 90, 120 au 144 kwenye nyingine. Ukimsogeza mhusika pikseli 5 kwa kila fremu, kwenye skrini ya 120 atakimbia mara mbili ya ilivyotakiwa. Hilo linajulikana, na kuzidisha kwa muda wa fremu kunalitibu.

Kasoro iko kwenye kuruka. Mhusika wangu huondoka chini kwa kasi ya pikseli 600 kwa sekunde, na mvutano hupunguza kasi hiyo kwa 1800 kila sekunde. Kwa fizikia ya darasani angefika pikseli 100 juu. Lakini programu haipiti kwenye mpindo laini, inapanda ngazi: inapunguza kasi, inasogeza, inapunguza tena, inasogeza tena. Kwenye skrini ya 60 kasi hushuka kwa 30 kila fremu: 570, 540, 510, hadi sifuri. Zijumlishe, gawa kwa 60, unapata 95 kamili. Rudia hesabu hiyo kwa fremu 30, unapata 90. Kwa fremu 120, unapata 97.5. Sasa jukwaa langu moja lilikuwa na kimo cha pikseli 96. Mwenye skrini ya 120 alilipanda bila taabu. Mwenye ya 60 hakulifikia hata angeruka mara mia, na kila nilipolikagua kwenye mashine yangu lilikuwa sawa.

Dawa ni kuupa mchezo saa yake. Kanuni zote, yaani mwendo, migongano, maadui na alama, sasa zinakwenda kwa hatua za 1/60 ya sekunde, skrini iwe yoyote. Kila fremu inapofika, muda uliopita naumimina kwenye akiba. Akiba ikifika milisekunde 16.67 naendesha hatua moja, ikitosha mbili naendesha mbili, na mabaki yanangoja fremu ijayo. Wakati wa kuchora, nachukua mahali mhusika alipokuwa hatua iliyopita na alipo sasa, namchora kati ya hapo kulingana na mabaki ya akiba. Usiliache hili la kuchora: ukiliacha, kwenye skrini ya 144 mwendo utaonekana unashtukashtuka japo hesabu zote ni sahihi, na utatafuta kosa mahali lisipokuwepo.

Akiba lazima iwe na kikomo. Kichupo kikifichwa requestAnimationFrame husimama, hivyo mchezaji akirudi baada ya dakika mbili unakabidhiwa hatua 7,200 za kuendesha kwa mkupuo. Mimi nakata muda wowote unaozidi milisekunde 250. Kikomo hichohicho ndicho kinachoziokoa simu dhaifu, kwa sababu hatua zikichelewa huzaa deni la hatua nyingine, deni linaichelewesha fremu inayofuata, mwisho ukurasa unaganda.

Na hatua zisizobadilika hazitibu kila kitu. Risasi ya pikseli 1200 kwa sekunde husogea pikseli 20 kwa hatua, kwa hiyo inaweza kuuvuka ukuta wa pikseli 16 bila kuugusa. Kagua mstari mzima kutoka risasi ilipokuwa hadi ilipofika.

Sasa nije kwenye jambo ninalojivunia zaidi. Mchezo ukishakuwa na saa yake, unaweza kurekodi vidole vya mchezaji na kuvicheza tena. Kila hatua naandika namba moja: kushoto 1, kulia 2, kuruka 4, risasi 8, kulia na kuruka kwa pamoja ni 6. Baiti moja kwa hatua, baiti 3,600 kwa dakika. Mchezo wa dakika kumi haufiki hata kilobaiti 40. Kisha nauendesha mchezo uleule bila kuchora chochote, namba zikiingia badala ya kibodi, na unamalizika haraka mno kuliko ulivyochezwa. Kila baada ya hatua 600 najumlisha mahali pa wahusika wote na alama zao kuwa namba moja ya ukaguzi. Nikibadilisha msimbo usiohusu kanuni na namba ya ukaguzi ikabadilika, najua nimeharibu kitu, na najua ni katika sekunde kumi zipi.

Mara ya kwanza rekodi haikuoana na mchezo. Kwenye mashine ileile, rekodi ileile, adui alitokea kushoto badala ya kulia. Kosa lilikuwa kwenye moshi. Chembe za moshi zilikuwa zinachagua mahali pa kutokea wakati wa kuchora, zikichota bahati nasibu kwenye chungu kimoja na maadui. Idadi ya fremu ikibadilika, moshi unachota mara nyingi au chache zaidi, na adui anapata namba isiyokuwa yake. Math.random haikuruhusu uchague mbegu ya kuanzia, kwa hiyo andika kizalishi chako kidogo cha namba za nasibu; mulberry32 ni mistari michache tu na inatosha. Tengeneza viwili: kimoja cha kanuni, kimoja cha mapambo, visichanganyike kamwe. Ondoa pia setTimeout, kipima muda cha kivinjari, ndani ya kanuni; badala yake hesabu hatua: sekunde moja na nusu ni hatua 90. Na jihadhari na Math.sin, inayokokotoa sine ya pembe, kwa kuwa vivinjari haviwajibiki kutoa jibu lililo sawa hadi tarakimu ya mwisho. Rekodi ya Firefox inaweza kupotea ikichezwa kwenye Chrome kwa sababu hiyo tu. Jedwali la pembe 360 lenye namba ulizoziandika mwenyewe linamaliza tatizo.

Kujaribu kwenye simu kuna mtego wake. Ukiwasha seva kwa python3 -m http.server 8000 na kuifungua kwenye simu kwa anwani ya 192.168, mchezo utaonekana, lakini kivinjari huihesabu anwani hiyo kuwa si salama, na mambo kama service worker (msimbo wa nyuma unaowezesha mchezo kufunguka bila mtandao) yatakataa bila maelezo ya kutosha. localhost huhesabiwa salama. Kwa Android, unganisha simu kwa waya wa USB, washa utatuzi wa USB (USB debugging) kwenye simu, fungua chrome://inspect kwenye kompyuta, na kwenye Port forwarding elekeza 8000 kwenda localhost:8000. Simu nayo itafungua localhost:8000, na makosa yake utayasoma kwenye kompyuta. Simu yenye devicePixelRatio ya 3, yaani pikseli tatu halisi kwa kila pikseli ya ukurasa kwa upana na kwa urefu, huchora pikseli mara tisa. Mimi naishia 2, na macho hayajaona tofauti.

Vitufe: tumia event.code, inayotaja mahali pa kitufe, si event.key, inayotaja herufi yake, ili mwenye kibodi ya AZERTY, yenye mpangilio wa Kifaransa, apate mahali palepale pa vidole. Dirisha likipoteza umakini, yaani tukio la blur, achilia vitufe vyote, la sivyo mhusika ataendelea kukimbia peke yake. Usiweke kuchuchumaa kwenye Ctrl kama W ni kwenda mbele: Ctrl+W hufunga kichupo na huwezi kukizuia. Sauti (AudioContext) huanza ikiwa imesimamishwa na kivinjari. Iite resume() ndani ya mguso wa kwanza. localStorage, hifadhi ndogo ya kivinjari, izungushie try na catch ili kosa lisiusimamishe mchezo, maana kuna mipangilio inayoizuia kabisa, hasa mchezo ukiwa umepachikwa (iframe) ndani ya tovuti nyingine.

Wanaonijaribia mchezo nimewawekea kitufe cha kunakili rekodi. Badala ya kuandika "umekwama pale kwenye ngazi", wananitumia namba zao, naziendesha, nakiona nilichotakiwa kukiona. Weka mbegu na namba ya toleo mwanzoni mwa kila rekodi, kwa sababu ukibadilisha mvutano kutoka 1800 hadi 1750 rekodi zote za zamani zinakufa.