Waliozipigania Ndege Dhidi ya Joto na Chumvi

Kwetu Pemba, ukisafiri kwa ndege ndogo, begi halipimwi peke yake. Unapimwa na wewe. Unapanda kwenye mizani na mkoba wako mkononi, kijana wa kaunta anaandika namba kwenye karatasi, na kina mama wanaanza mzaha: "Toa na uzito wa baibui hilo, mwanangu." Safari moja nilikuwa nyuma ya bibi aliyemkataza kijana asiisome namba yake kwa sauti, kwa sababu mume wa wifi yake alikuwa kwenye foleni hiyo hiyo. Kijana akaandika, akafunika kwa kiganja. Baadaye rubani, ambaye ndiye huyo huyo aliyefunga mlango wa mizigo, akatupanga: wewe mwembamba njoo mbele, wewe mzee kaa katikati.

Wageni huona ni mambo ya kisiwani. Hapana. Ndege hiyo ndogo, Cessna Caravan, ina injini moja, na hewa yetu ya mchana, hasa Januari na Februari, ni moto. Hewa ikipata moto inakuwa nyepesi, bawa linakosa cha kuegemea, injini inavuta hewa haba na pangaboi linasukuma kitu kisicho na uzito. Ndege ile ile na mzigo ule ule, alfajiri inanyanyuka mapema, saa nane mchana inakula lami ndefu kwanza. Uwanja wa Unguja una njia ya kurukia inayopita mita 3,000. Wa Pemba una mita 1,525. Kwa hiyo kilo za bibi yule zina hesabu yake, apende asipende.

Naanza na mizani kwa sababu kila wanapotajwa waasisi wa urubani wa Afrika Mashariki, wanatajwa waliofika mbali au waliofika mwanzo. Mimi nina orodha yangu, na wanaokaa juu ni wale waliogombana na joto na chumvi ya pwani hii mpaka ndege zikakubali kukaa.

Ugomvi huo ulianza vibaya. Tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Waingereza Pegasus ikiwa imetia nanga hapa hapa Zanzibar. Baadhi ya mabaharia wake wamelala kisiwa cha Chapwani, mkabala na Mji Mkongwe. Königsberg ikakimbilia delta ya Rufiji, ikajificha kwenye mikoko, na kutoka baharini haikuonekana tena. Ndipo Waingereza walipomtafuta mtu mwenye ndege. Aliyepatikana, H. D. Cutler, hata mwanajeshi hakuwa. Alikuwa akirusha ndege kwa maonesho huko Durban. Akaletwa na ndege ya Curtiss inayotua majini, akawa anarukia kisiwa cha Nyororo karibu na Mafia, na Novemba mwaka huo akaiona meli kutoka juu. Mwezi uliofuata akashuka mtoni, Wajerumani wakamkamata.

Kinachonivutia mimi si vita. Ni yale mashine yaliyopitia. Rejeta ya ndege ya Cutler iliharibika na ikabidi itafutwe ya gari la Ford kutoka Mombasa ifungwe badala yake. Mwaka uliofuata zikaja ndege mbili za Sopwith, nazo joto likazishinda. Mbao na gundi zilikuwa zimetengenezwa kwa hali ya hewa ya Uingereza, huku viungo vikaachana na pangaboi zikapasuka. Zikaletwa nyingine, na mwisho ukatengenezwa uwanja Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 John Cull na Harwood Arnold waliruka kutoka huko kuziongoza kwa redio meli mbili zilizokuwa zikiipiga Königsberg. Injini yao ikapigwa, ndege inashuka, na Arnold bado anatuma vipimo vya mizinga mpaka wakaangukia mtoni. Wakaokolewa. Königsberg ikaishia pale pale.

Majina yao yameandikwa. Uwanja wa Mafia nani aliufyeka? Madebe ya mafuta nani aliyabeba kichwani kutoka ufukweni? Hapo vitabu vinakaa kimya, na kimya hicho ndicho kinachonikera katika habari nzima hii.

Anayekuja baada ya hapo kwenye orodha yangu ni mama wa Nairobi, Florence Kerr Wilson, mjane aliyetoa fedha zake mwaka 1929 kuanzisha Wilson Airways pamoja na rubani Tom Campbell Black. Walianza na Gipsy Moth, ndege ndogo ya mbao na kitambaa. Katika miaka ya 1930 shirika lao lilikuwa na safari ya pwani: Nairobi, Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam. Barua iliyokuwa ikingoja meli ikaanza kufika kwa ndege. Vita vya pili vikalimaliza shirika, serikali ikazichukua ndege zake, na leo kilichobaki ni jina la uwanja wa Wilson. Si haba, lakini waulize wanaoruka kutoka pale kwenda mbugani, wengi watakwambia Wilson alikuwa mwanamume.

Beryl Markham nampita haraka, na najua nitalaumiwa. Kweli alikulia Kenya, kweli Campbell Black ndiye aliyemwelekeza kwenye urubani, na kweli Septemba 1936 aliivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza akielekea magharibi, dhidi ya upepo, akaangukia kwenye tope la Nova Scotia akiwa hai. Ushujaa mtupu. Lakini anasifiwa kila mahali, na sifa zangu hazitamwongezea kitu.

Kwa mjomba wangu, Mungu amrehemu, zitaongeza.

Tarehe 1 Januari 1946 East African Airways ilianza kazi na ndege sita za Dragon Rapide. Wenyewe walikuwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Hisa ya Zanzibar haikufika hata asilimia moja, na wazee wa Kisauni, ulipo uwanja wa Unguja, walikuwa na utani juu ya hilo: sisi wenye gurudumu moja tu la nyuma. Mjomba aliingia pale kijana, msaidizi wa mafundi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuweka kabari chini ya magurudumu na kufuta mafuta yaliyovuja. Ya pili ndiyo aliyoisimulia mpaka uzeeni.

Kila asubuhi kabla ndege haijaruka, alikwenda chini ya bawa na chupa ya kioo. Kuna valvu ndogo mahali tangi linapokuwa chini kabisa. Unaibonyeza, mafuta kidogo yanatiririka ndani ya chupa, unaiinua juani na unatazama. Usiku kucha hewa yetu yenye unyevu imekuwa ndani ya tangi lisilojaa, na kunapopoa inaganda matone ukutani mwake. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanashuka chini. Ukiona mstari kwenye chupa, umepata maji. Unamwaga, unakinga tena, mpaka mstari upotee. Injini ikipewa maji badala ya mafuta wakati ndege iko juu ya Mkondo wa Pemba, hakuna pa kusimama. Mjomba alikuwa akitushikisha chupa ya mafuta ya taa nyumbani, anatia tone la maji na kutuuliza: "Mnaliona? Haya, nani atapanda?" Tulikuwa tunasema hatupandi. "Basi mnafaa kazi," anajibu.

East African Airways ikavunjika mapema 1977, nchi zikiwa zimeshindwana kwa madeni na siasa, na Machi mwaka huo ikazaliwa Air Tanzania. Mjomba akaenda Dar es Salaam. Huko akakutana na Twin Otter, ndege inayopenda viwanja vifupi kama vyetu, na akakutana na chumvi ana kwa ana. Injini za aina ile zinameza hewa nyingi, na hewa ya bahari inakuja na chembe za chumvi zinazonata kwenye visu vyake vya ndani. Dawa yake ni kuiosha: injini inazungushwa bila kuwashwa, inanyunyiziwa maji safi yaliyoondolewa madini, kisha inawashwa ikauke. Mjomba alikuwa mkali kuhusu maji hayo. Kuna siku alimkuta kijana akijaza ndoo kutoka kisimani. Kisima cha pwani, ambacho hata chai yake ina ladha ya bahari! Ndoo ikamwagwa pale pale mchangani, na kijana akakaa kitako kusikiliza somo refu kuliko muda wa kuosha injini yenyewe.

Kazi hii haipigwi picha. Rubani akishuka anapigwa picha, waziri akikata utepe anapigwa picha, na mwenye ndoo yuko upande wa pili wa ndege.

Wako na wengine ambao lazima niwataje hata kwa kifupi. Skuli ya urubani ya Soroti, Uganda, iliyoanzishwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1971, ndiyo iliyofanya kijana wa huku asihitaji kwenda Ulaya kujifunza kurusha au kutengeneza ndege. Michael Shirima, aliyepitia East African Airways kisha akaanzisha Precision Air mwaka 1993 kutoka Arusha, na akafariki Juni 2023, alithibitisha kwamba Mtanzania anaweza kumiliki shirika likadumu. Na ZanAir, iliyoanza hapa Unguja mwaka 1992, wakati wengi walikuwa na hakika kwamba kisiwa hakiwezi.

Sasa ombi langu. Viwanja vyetu vyote viwili, cha Unguja na cha Pemba, vina jina la Karume, na sina neno na hilo. Lakini jengo la tatu la abiria la Unguja, lililofunguliwa 2021, lina kuta pana kweli kweli, na nyingi zimejaa matangazo ya hoteli. Ninataka ukuta mmoja. Ukishuka kwenye daladala la 505 ukaingia ndani, ukutane kwanza na sura za waliofanya kazi Kisauni: wapakiaji, wazimamoto, waongoza ndege wa mnarani, wafagiaji wa njia, mafundi. Na chini yake chupa ya kioo yenye mafuta juu na maji chini, ili mtoto amuulize baba yake ile ni nini.

Nimeanza kukusanya. Ninazo beji mbili, cheti cha mafunzo kilichotafunwa pembe, na picha ya mjomba akiwa amepigwa kwa nyuma, mgongo na ndoo tu. Wete, kule Pemba, kuna mzee ana kofia yake ya East African Airways, ipo kwenye sanduku pamoja na karafuu ili isiliwe na wadudu. Nilimwomba aniazime. Akasema kofia haitoki mpaka yeye mwenyewe apelekwe Unguja auone ukuta kwanza, na tiketi nilipe mimi. Nimekubali, ila nimemwambia atapimwa.