Siku yangu moja, futi mkononi

Saa 12 na nusu asubuhi. Mlima uko wazi wote. Ikifika saa tatu utakuwa umeshajifunika wingu. Kwenye begi nimeweka futi, pampu, viraka na gundi. Mimi ni mhudumu wa utengamao, yaani nawasaidia watu wenye ulemavu wajitegemee, napita nyumba kwa nyumba hapa Moshi mjini. Wengi wanadhani kazi yangu ni kugawa viti mwendo. Ingekuwa hivyo ningekuwa nimemaliza kazi saa nne.

Saa 2. Pasua, kwa kijana aliyeanguka kutoka kwenye mparachichi, akapooza kuanzia kiunoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pita, bado sijamwogesha."

Ana miaka 26, na mikono yake ina nguvu kuliko yangu. Leo tunafanya zoezi la kuhama kitandani: breki zifungwe, kiti kikae ubavuni mwa kitanda, ngumi moja godoroni, mwili uinuke, usiburuzwe, maana ngozi isiyo na hisia ikichubuka yeye hajui. Kila nusu saa ajiinue kidogo kitini, la sivyo vidonda vinaanza kimyakimya. Mama alinyoosha mikono mara tatu amdake, mara tatu nikamshika kiganja. Jaribio la nne kijana akakaa. Mama akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu.

Saa 4 na nusu, Majengo. Hapa nimeharibu mwenyewe. Mama mwenye duka anatumia kiti mwendo, kizingiti chake ni sentimita 20. Nikampigia fundi simu: "weka mteremko, usiwe mkali." Mkali kwa nani? Kaweka mita moja. Kipimo ni kila sentimita moja ya kimo, 12 za urefu, kwa hiyo mita 2.4. Huo wa fundi unamrudisha mtu barabarani kinyumenyume! Tumekubaliana uvunjwe, saruji nalipa nusu.

Saa 7, wali maharage. Twende.

Saa 8 na nusu, ofisini, na kikundi cha mafundi cherehani viziwi wanaofuatilia mkopo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Fomu zao safi kabisa. Tatizo, afisa ananiuliza mimi kila kitu: "Wanataka mashine ngapi?" Mimi nimekuja kutafsiri lugha ya alama tu. Nikamwonyesha mwenyekiti. Mwenyekiti akainua vidole vitatu kabla sijatafsiri chochote.

Saa 11. Nimevua viatu, simu inaita. Mama wa Pasua.

"Katoka peke yake kwenda gengeni, kakwama kwenye mchanga. Nimsukume?"

"Yeye anasemaje?"

Kimya kidogo. "Anasema nisimguse."

"Basi mpe simu."

Nikamwambia ageuke, arudi kinyumenyume, tairi kubwa zitangulie, zile ndogo ndizo zinazozama. Nikamsikia akihema, mchanga ukisaga, halafu mama kwa mbali: "Haya, taratibu basi. Taratibu."